Mwaka Mmoja wa Pindo

Fundi hakuwa mtu wa kutishwa na bahasha. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona sare za shule za karibu nusu ya mji, ameona akina mama wakigombana kwa ajili ya kola, ameona mwalimu mkuu akirudisha sketi arobaini kwa madai kwamba bluu yake haikuwa bluu ya shule, na bado duka lake lilifunguliwa kila asubuhi saa mbili kasorobo. Kwa hiyo karani wa ofisi ya elimu alipoingia mchana ule na bahasha ya kaki, Fundi alimwonyesha kwa kidevu pa kuiweka, akaendelea na kazi. Alikuwa na pini tatu mdomoni na mtoto wa kiume juu ya stuli.

"Ana miaka mingapi?" alimuuliza mama wa mtoto, kwa sauti ya kubana ya mtu mwenye pini mdomoni.

"Tisa."

Fundi akaandika kumi.

Usimshangae. Mtoto, alikuwa akisema, hashonewi nguo ya leo. Anashonewa ya mwakani, kwa sababu leo yenyewe inaisha kitambaa kikiwa bado mezani. Ukimtajia tisa anaandika kumi, ukimtajia kumi anaandika kumi na moja, kisha anakata kwa kufuata huo umri wa daftarini na kuificha ziada yote kwenye pindo. Mtoto akirefuka, mama yake anafumua pindo, anapiga pasi, maisha yanaendelea. Hakufundishwa na mtu. Alianza mwenyewe, mkono ukazoea, na mazoea yana taabu: siku hizi hata hakujua kuwa anafanya hivyo.

Daftari lenyewe lilikuwa nene, la jalada jeusi, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua isipokuwa yeye. Si kwamba lilikuwa na siri za serikali. Ni kwamba Fundi hakushika majina ya watu hata kidogo. Alishika tabia zao, na ndizo alizoandika. Mle ndani mlikuwa na Mama Mikufu, na Baba Nitapita Kesho, na Bibi Hapa Panabana, na wote hao walikuwa wateja wazuri ambao wangehama siku hiyo hiyo kama wangejua. Kazi ikiisha daftari lilifungiwa kwenye droo ya cherehani, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa aproni.

Mama na mtoto walipoondoka, alitema pini akafungua bahasha.

Barua ilikuwa ya mistari minne. Ombi la ufadhili wa serikali kwa masomo ya sekondari, lililowasilishwa na mlezi kwa niaba ya mwanafunzi wa kike, halikukidhi vigezo. Sababu: taarifa za umri zinakinzana. Rufaa zingesikilizwa Ijumaa saa nne asubuhi. Mlezi afike mwenyewe, na ushahidi mpya.

Fundi aliisoma mara mbili akiwa amesimama, na mara ya tatu akiwa amekaa.

Mwanafunzi huyo alikuwa binti wa marehemu dada yake. Alimpokea akiwa na miaka saba, ana mfuko mmoja wa plastiki na gauni lililombana kwapani, na miaka saba mingine ilikuwa imepita tangu hapo. Mtoto akaja kuwa na kichwa ambacho ukoo mzima haukujua kimetoka wapi. Mwaka jana alikuwa wa kwanza katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, si shuleni kwake tu bali katika shule zote ishirini na sita za wilaya, na sekondari ya bweni ya wasichana, ile yenye maabara tatu, ilikuwa imemwekea nafasi. Lakini nafasi ile iliendana na ufadhili. Jumatatu orodha ingefungwa, na jina lisilokuwa na ufadhili lingefutwa, likaandikwa la mtoto mwingine. Fundi alilijua hilo vizuri, na lilimkaa kifuani.

Binti alirudi kutoka maktaba, akamkuta hivyo hivyo.

"Mama mdogo, mbona umekaa kwenye stuli ya wateja?"

Fundi akampa barua. "Yule karani hajui kusoma. Cheti kinasema una kumi na nne, na mimi nimeandika hivyo hivyo. Kinakinzana na nini? Na ukuta?"

Binti hakujibu haraka. Ndivyo alivyokuwa, ukimwambia nyumba inaungua atauliza kwanza ni chumba gani. Alitoa kwenye begi karatasi ya kanuni iliyokunjwa mara nne, akaketi sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa, akaikunjua juu ya magoti.

"Kanuni ya tatu. Mwombaji asiwe ametimiza miaka kumi na tano siku shule inapofunguliwa. Mimi nitatimiza miezi saba baadaye, hapo niko sawa. Kanuni ya nne. Mlezi asiye mzazi awe ameishi na mtoto si chini ya miaka mitatu. Sawa. Kanuni ya tisa ndiyo iliyotukamata. Karatasi mbili za mwombaji zikitofautiana, ombi linaanguka, na kamati haitauliza ipi ni ya kweli."

"Haitauliza? Kamati gani hiyo isiyokuwa na mdomo?"

"Wana wasiwasi na cheti changu, mama mdogo. Tumekichukua mwaka jana tu."

Ni kweli. Marehemu dada yake alikuwa mtu wa kuhamahama, leo mji huu kesho mji ule, na katika kuhama kwake hakuwahi kumwandikisha mtoto; hata kadi ya kliniki ilipotelea katika mojawapo ya vyumba vya kupanga. Cheti kilitafutwa mwishoni, kwa ajili ya mtihani. Na kila mtu alijua kwamba tangu ufadhili uanzishwe, miaka minne iliyopita, walikuwepo watu waliojinunulia vyeti vipya na kuwarudisha vijana wa miaka kumi na saba kwenye kumi na nne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kamati ile ilikuwa imeumwa mara nyingi.

"Barua ya mwalimu mkuu je?"

"Haikubaliki. Wanasema kila shule inataka kusifiwa." Binti alishusha kidole hadi chini ya karatasi. "Ushahidi unaokubalika ni kumbukumbu iliyoandikwa kabla ya ufadhili kuanzishwa. Sasa nani ameandika habari zangu miaka yote hiyo?"

Fundi akaitazama droo ya cherehani.

"Mimi," akasema, na mgongo wake ukanyooka. "Nimekupima kila Januari tangu ulipofika. Bega, kifua, kiuno, urefu, umri pembeni, na tarehe juu ya ukurasa. Sijaruka hata mwaka mmoja. Waache waje na kanuni zao tisa, mimi nina tarehe!"

"Basi nionyeshe, nipige nakala."

"Wee! Daftari lile halifunguliwi hapa. Litafunguliwa huko huko, ukurasa mmoja tu, nao watatazama mahali ninapowaonyesha."

Na huo ndio ukaidi wake. Angelifungua saa ile mbele ya mtoto mwenye kichwa kama kile, wangeligundua kosa mapema na kulala usingizi wao. Badala yake alipiga pasi gauni lake la zambarau, akalifunga daftari kwenye kitambaa kama mtu anayefunga chakula cha safari, akahesabu siku mbili akiwa na uhakika wote wa dunia.

Ijumaa waliingia ofisi ya elimu saa nne kamili. Chumba cha kamati kilikuwa kidogo, kina feni iliyozunguka kwa kulalamika na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Jicho la Fundi lilikwenda moja kwa moja kwenye pindo la kitambaa kile: limeshonwa kwa uzi mweupe, tena kwa mkono wa mtu aliyekuwa na hasira. Alijisikia nafuu. Watu wanaokubali pindo la namna ile, alijiambia, hawawezi kuwa wakali sana.

Mezani walikuwa watatu. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliyekohoa kabla ya kila jambo alilotaka kutamka. Afisa wa ufadhili, mama wa makamo mwenye saa kubwa mkononi aliyokuwa akiitazama kila baada ya sentensi. Na karani yule yule wa bahasha. Fundi aliwajua wote, maana wote walikuwa na watoto majumbani kwao, na watoto huvaa sare.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Keti. Na wewe binti, keti."

"Tuelewane mapema," afisa alisema. "Humu ndani hatujuani. Tutajuana nje."

"Sawa kabisa," Fundi alimjibu. "Na mimi sikuja kujuana. Nimekuja na daftari."

"Daftari baadaye. Kwanza hii." Afisa alimsogezea fomu ya maombi, kidole kikiwa juu ya kisanduku kimoja. "Huu ni mwandiko wa nani?"

Fundi aliinama kutazama. Ndani ya kisanduku palikuwa na moja na tano, na ile tano ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kulia, mkia anaouchora yeye kwa chaki kila siku ya Mungu. Siku mbili nzima alikuwa amemtukana karani wa watu. Alimtupia jicho; karani, kwa adabu, alikuwa anatazama dari.

"Ni wangu," alisema.

"Cheti kinasema kumi na nne. Fomu uliyoijaza kwa mkono wako, ukaweka sahihi kwamba yote ni kweli, inasema kumi na tano. Nikwambie tunachokiona hapa mara nyingi. Mtu ananunua cheti, halafu anasahau kuuonya mkono wake. Cheti kinadanganya, mkono unasema ukweli."

"Mimi sijanunua cheti. Wala sijui kwa nini nimeandika hivyo, na sitajifanya najua. Lakini nina kumbukumbu ya zamani kuliko ufadhili wenu."

Mwalimu mstaafu akakohoa. "Tuione."

Fundi alifungua kitambaa, akapekua hadi Januari ya miaka saba iliyopita, akafunika mistari ya juu kwa kiganja kimoja na ya chini kwa kingine, ukabaki mstari mmoja tu katikati, jina likiwa chini ya kidole gumba. Afisa alivaa miwani yake, akasoma kwa sauti.

"Bega inchi kumi na moja. Kifua ishirini na tatu. Kiuno ishirini na moja. Umri," akasimama kidogo, "miaka minane." Alivua miwani. "Miaka saba iliyopita alikuwa na minane. Minane na saba ni ngapi, Fundi?"

Feni ililalamika juu ya vichwa vyao.

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu bahasha ifike, Fundi aliogopa. Daftari lake mwenyewe, alilolibeba kifuani kama mtoto mchanga, lilikuwa limesimama upande wa pili kumtolea ushahidi. Alifunua Januari iliyofuata: tisa. Iliyofuata: kumi. Kila ukurasa ulimpa mtoto yule mwaka mmoja ambao hakuwa nao.

"Nilikuwa na saba," binti alisema kwa sauti ndogo. "Nakumbuka. Sikuwa na meno ya mbele."

"Meno si ushahidi, mwanangu," afisa alisema, na hakusema kwa ubaya. Akaanza kufunga faili.

Fundi hakumsikia. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho wenye maandishi, wa juzi ile bahasha ilipoingia, na macho yake yalikuwa juu ya mstari wa yule mtoto wa stuli. Umri: kumi. Akaisikia tena sauti ya mama wa mtoto huyo, wazi kabisa, ikisema tisa. Alirudi mstari wa juu yake. Mtoto wa jirani, amezaliwa mwaka ule mji ulipokosa maji, hawezi kuwa na kumi na mbili, ana kumi na moja. Akapanda mwingine, na mwingine.

Akaangua kicheko. Si kicheko cha adabu; kilikuwa kicheko cha dukani, cha kutikisa mabega, hadi tepu ya kupimia aliyosahau kuivua shingoni ikacheza. Binti alimvuta mkono akidhani amepandwa na wazimu.

"Mnisamehe," alisema akijifuta macho. "Jamani, mimi ni mjinga, lakini si mwongo. Humu sikuandika umri wa watoto hata siku moja. Nimeandika umri wa nguo! Mama akiniambia saba naandika minane, ili mtoto asije kubanwa kabla mwaka haujaisha. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mtoto. Nilipofika kwenye kisanduku chenu cha umri, mkono ukafanya kazi yake. Nimemshonea fomu yenye pindo."

Karani alicheka, akajikuta peke yake, akaacha.

"Ni maneno mazuri," afisa alisema na kutazama saa. "Lakini mtu yeyote anaweza kuyasema baada ya kukamatwa."

"Kweli. Basi usiniamini mimi. Mtafute mwanao."

Afisa alimkazia macho. Kisha akalivuta daftari upande wake. "Sare yake ya kwanza ulishona wewe, miaka mitano iliyopita. Nakumbuka, kwa sababu ilimpwaya na nilikulalamikia." Akapekua, akarudi, akapekua tena. "Jina langu halimo humu."

"Halimo."

"Halimo vipi, na umemshonea?"

Sasa Fundi alielewa bei ya jambo lile. Alimtazama mama huyu, ambaye muhuri ulikuwa karibu na mkono wake wa kulia, kisha akamtazama mtoto wa dada yake, ambaye alikuwa amekaa wima kama mtu anayepimwa. Angepoteza mteja. Angepoteza nusu ya wateja kama habari zingetoka nje.

"Ukurasa wenye doa la chai. Mstari wa tatu."

Afisa aliupata, akasoma, kwanza kimya. Kisha, kwa kuwa wenzake walikuwa wanangoja, akasoma kwa sauti. "Mtoto wa Mama Niharakishie."

Karani akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Ulikuja mara nne kwa siku mbili," Fundi alisema pole pole. "Kila ukiingia, hata salamu bado, ni 'Fundi, niharakishie.' Sikuwa na nia mbaya. Mimi sishiki majina."

Afisa wakati huo alikuwa katikati ya kutazama saa. Aliugeuza mkono wake, akauficha chini ya meza. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi, na kwa muda chumba kizima hakikujua upepo utaelekea wapi.

"Umri," alisoma, "miaka minane." Aliweka kidole juu ya ile nambari, akakiacha hapo. "Alikuwa na saba. Mwanangu alianza shule akiwa na miaka saba na wiki mbili. Cheti chake ninacho nyumbani, cha wiki aliyozaliwa."

Mwenyekiti akakohoa. "Mmoja hatoshi. Karani, wewe una mdogo wako."

Karani alikuwa ameibuka kutoka chini ya meza na hamu ya wazi. Fundi alimwelekeza Januari ya mwaka huu, naye akajisoma mwenyewe bila kusita: "Mdogo wake Kijana wa Bahasha. Miaka kumi na mbili." Akatabasamu hadi masikioni. "Ana kumi na moja, Mwalimu. Hata hilo jina nalikubali."

"Na mimi nina mjukuu," Mwalimu alisema. "Niko wapi humu?"

"Mwalimu, wawili wanatosha."

"Watatu ni bora."

"Mwalimu, nakuomba, kwa heshima yako."

Mwalimu akakohoa kutaka kusisitiza, na kikohozi hicho ndicho kilichomsaliti, maana karani alikuwa tayari ameshajua namna ya kusoma daftari lile. Alirudi nyuma kurasa kadhaa, kidole chake kikatua chini ya ukurasa mmoja. "Mjukuu wa Babu Kohokoho," alisoma, "miaka sita."

Mzee yule aliwatazama mmoja mmoja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi afisa akamsogezea glasi ya maji, na kila akijaribu kunyamaza anaona maandishi yale anaanza upya. "Alikuwa na mitano," alisema alipopata pumzi. "Mitano kamili. Nilimpeleka mimi mwenyewe darasa la awali, na kaptura ilimfika kwenye vifundo vya miguu."

Alilivuta daftari mbele yake, na sasa hakuwa anacheka. Alirudi kule kwenye Januari ya miaka saba iliyopita, na kiganja cha Fundi kikawahi kufunika jina. "Bado kanuni ya nne. Nimeona vipimo vya binti huyu, lakini hukuniruhusu kuona ameandikwa nani. Toa mkono, Fundi."

Fundi akautoa. Hilo hakulitarajia, na lilimuuma kuliko yale mengine yote.

"Mgeni," Mwalimu alisoma.

Binti aligeuza uso.

"Siku ile nilijua atakaa mpaka shule zifungwe tu," Fundi alisema, akiongea na kitambaa cha meza. "Mjomba wake aliahidi kuja kumchukua. Nikamwandika Mgeni, nikamshonea sketi moja. Mjomba hakuja. Endelea mbele, Mwalimu."

Mwalimu akafunua. "Wangu," alisoma. "Wangu, miaka tisa." Akafunua. "Wangu, miaka kumi. Wangu, kumi na moja." Alisoma yote, mwaka kwa mwaka, kwa sauti ya mtu anayeita majina ya wanafunzi asubuhi, hadi Januari hii. Katika daftari lote lile, lenye watoto mamia na wazazi wao wa majina ya vituko, hapakuwa na mwingine aliyeandikwa hivyo. Binti aliweka kichwa juu ya kitambaa cha kijani akalia bila kuona haya, na Fundi akaweka mkono juu ya mgongo wake akauacha hapo.

Mwenyekiti hakukohoa safari hii. "Kanuni ya nne imetimia. Kanuni ya tisa inasema hatutauliza ipi ni ya kweli. Sawa, hatujauliza. Lakini haikusema tuzibe masikio tukiambiwa. Karani, andika: kosa la mkono, si la nia. Rufaa imekubaliwa."

Afisa tayari alikuwa amechomoa fomu mpya. "Ijaze hapa hapa, mbele yetu. Umri kamili," akamtazama juu ya miwani, "bila pindo."

Fundi alijaza. Alipofika kwenye kisanduku kile kalamu ilisimama, na kila mtu chumbani aliona mkono wake unavyobishana naye. Aliandika moja. Akavuta pumzi. Akaandika nne, kubwa, ya kubana kabisa, isiyoacha nafasi hata ya uzi. Muhuri ukapigwa. Ulimi ulimwasha kumwambia afisa aharakishe na sahihi, lakini akili ilikuwepo, akaumeza utani wake.

Mlangoni afisa alimshika kiwiko. "Ile sare," alisema chinichini. "Aliivaa miaka mitatu. Sikuwahi kukuambia."

"Najua. Ulirudi mwaka wa nne."

"Na lile jina?"

"Humo ndani hatujuani, dada. Ulisema mwenyewe."

Mchana ule ule duka lilikuwa limefungwa upande mmoja, na binti alikuwa amesimama juu ya stuli. Sare ya sekondari ilikuwa ya kijivu, na Fundi alinunua kitambaa chake bila kuuliza mara mbili kama kijivu hicho ndicho chenyewe, maana safari hii alikuwa amekwenda na kipande cha mfano mkononi. Alipima bega, akapima kifua, akapima urefu. Alizunguka stuli mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

"Usiongeze sana, mama mdogo. Nitaonekana nimevaa pazia."

"Utakaa huko miaka minne. Nani atakufumulia na kukushonea upya?" Aliweka pini kwenye pindo: vidole vinne. Hakuwahi kumwachia mtoto yeyote vidole vinne. Kisha akaandika daftarini, polepole, kwa mwandiko wa ofisini: Wangu, miaka 14. Kuanzia leo, alitangaza, ziada itakaa kwenye kitambaa peke yake.

Daftari lilibaki wazi juu ya cherehani, na safari hii hakulifunika. Binti aliinama kutoka kwenye stuli, akapekua hadi ukurasa wa kwanza wa habari zake, akasimama pale muda mrefu. Halafu akachukua kalamu.

"Unafanya nini?"

"Nafuta hili la Mgeni. Niandike Wangu, yalingane yote."

Fundi alimpokonya kalamu upesi hivi kwamba alidondosha pini zote sakafuni, akageukia dirishani ili mtoto asimwone uso.

"Acha kama ilivyo," alisema. "Taarifa zitakinzana."